Siku Baba Alipofumua Jina Langu

Mama alinipigia simu asubuhi. "Yule Sambu wa baba yako amechelewa kupata habari ya msiba," alisema. "Anakuja leo kutoa pole. Nimemwelekeza huko huko dukani, utampokea."

Nilikuwa kwenye chumba cha ushonaji cha marehemu baba, hapa Sokon One, nikifungasha vitu ili mwenye nyumba arudishiwe chumba chake. Nilimjibu mama kwamba sawa, nikakata simu, na hapo hapo nikasikia kitu kinanibana chini ya kifua. Nilikitambua, maana tumeishi pamoja muda mrefu. Ulikuwa wivu. Baba ana wiki tatu kaburini, mimi mwenyewe nina mtoto anayeingia sekondari, na bado maneno hayo, Sambu wa baba yako, yalinichoma vilevile yalivyonichoma nikiwa na miaka tisa.

Nikapanda juu ya kigoda kuteremsha vitu vya rafu ya juu. Nyuma ya mabunda ya bitana kulikuwa na kopo la bati la biskuti, limeota kutu kwenye kona. Nilipolifungua, harufu ikanijia yote kwa pamoja: mafuta ya cherehani, chaki, na kitambaa kilichopigwa pasi ya mkaa. Ndani kulikuwa na namba za jezi. Nne, tisa, kumi na moja, mbili, zote za kitambaa cheupe, zote zikiwa na vipande vya uzi pembeni. Chini kabisa, imekunjwa peke yake ndani ya karatasi, ilikuwapo saba.

Kama ulikulia Arusha miaka ileile niliyokulia mimi, huenda unaikumbuka timu yetu. Iliitwa Mbega, kwa jina la yule mnyama mweusi mwenye manyoya meupe mgongoni anayeruka kwenye misitu ya Meru, na jezi zake zilikuwa nyeusi zenye namba nyeupe. Haikuwa timu kubwa. Haikuwa na kambi wala basi wala uwanja wa kuita wake. Ilichokuwa nacho ni wanachama wenye midomo, na midomo hiyo ilikutana kila siku kwenye benchi lililokuwa barazani kwa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani, Mmachame aliyekuja mjini akiwa kijana, na ndiye aliyeshona namba za Mbega, akiwa pia mjumbe wa kamati yake. Kulikuwa na mwiko mmoja ambao sijauona kwa timu nyingine. Mchezaji akiachwa, jezi yake ilirudishwa kwa baba, namba ikafumuliwa uzi kwa uzi, na mchezaji mpya akakatiwa namba mpya kabisa, hata kama ni ile ile. Waliamini kwamba ukivaa namba iliyoshonwa kwa ajili ya mwenzako, utarithi na mikosi yake. Kwa hiyo watu hawakungoja tangazo la kamati. Walipita barazani, wakatazama mapajani mwa baba, wakauliza, "Fundi, leo unamfumua nani?"

Mimi ndiye niliyevuta nyuzi. Baba alikata kwa wembe, mimi nikivuta vipande kwa kucha na kuviweka kwenye kopo, nimekaa kwenye kigoda kando ya goti lake la kulia. Hapo palikuwa mahali pangu duniani. Sikuwa na kaka wala dada. Baba aliniahidi kwamba siku miguu yangu itakapofika kwenye pedeli ya cherehani atanifundisha kushona, na kila Jumamosi nilikaa kwenye kiti chake, nikanyoosha vidole vya miguu na kuona bado.

Usajili ulipokaribia, benchi lilijaa mapema. Mwalimu Pallangyo, mwalimu mstaafu, alikuja na gazeti lililokunjwa kwapani. Dula, muuza mitumba, alisimama kila mara, maana alisema ubishi wa kukaa haumtoki vizuri. Mama Ritha alikuwa jirani na jiko lake la chapati, na kutoka huko aliwasema wote bila kuacha kusukuma unga.

"Timu inajengwa, hainunuliwi," Mwalimu alianza siku hiyo, kama alivyoanza siku nyingine zote.

"Mwalimu, huu mwaka wa ngapi tunajenga?" Dula alimjibu. "Mbona hata msingi hatuuoni? Mwenyekiti akisema analeta straika kutoka Dar, mnasema hapana. Bila straika tutafunga na maombi?"

"Straika wa mwaka jana alitoka wapi? Si huko huko Dar? Alikuja na marashi na miwani ya jua. Mechi sita, goli moja, na lenyewe lilimgonga mgongoni."

"Goli ni goli, aisee."

"Ninyi mnasajili majina," Mama Ritha alisema kutoka jikoni kwake. "Jina halikimbii. Na huyo mwenyekiti wenu ana duka la bati, mpira ameujulia wapi? Mtu anamfukuza kocha wakati wa mapumziko, kocha anakuja kumalizia kutazama mechi kwenye nyasi pamoja na sisi."

Hiyo ilikuwa kweli. Yule kocha alikaa karibu nami kipindi cha pili chote na kuilaumu timu kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Baba aliongea kidogo, kwa sababu mdomoni alikuwa na pini. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kola ya shati, ndipo akasema. "Huko nyuma ya mlima, upande wa Oldonyo Sambu, kuna vijana wanakimbia nyuma ya ng'ombe toka alfajiri mpaka jua linazama. Hatujawahi kutuma mtu kuwaangalia. Tunapita juu yao kwenda kuokota wazee Dar."

"Fundi, orodha imejaa," Mwalimu alisema. "Akiingia mmoja, lazima atoke mmoja."

"Atoke," baba akasema. "Nitamfumua mwenyewe."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa na uzi mweupe kati ya meno, na nikayaelewa vizuri sana. Niliyaelewa kuwa ndiyo sheria ya mahali popote penye nafasi za kuhesabu, hata nyumbani.

Baba alikwenda Oldonyo Sambu Jumapili moja baada ya ibada, akarudi Jumatatu akiwa na kijana. Jina lake Lomayani, lakini benchi lilimwita Sambu kabla hajamaliza kusalimia. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mrefu, miguu myembamba, na mkono uliokupa salamu taratibu kana kwamba anaogopa kukuumiza. Kwa kuwa timu haikuwa na kambi, wachezaji wa mbali waligawiwa kwenye nyumba za wanachama. Wa kwetu alikuwa yeye. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande. Alisema atampa nafasi mpaka dirisha la usajili litakapofungwa, na akishindwa, nafasi hiyo ni ya straika wake. Kwa hiyo kila mtu pale Sokon alijua kwamba Sambu akianguka, fundi ameanguka naye.

Wiki ya kwanza nilimpenda kidogo. Alinitengenezea kirungu kidogo cha mti wa mzeituni. Lakini alimwita mama yeyo, ambavyo ndivyo Wamaasai na Waarusha wanavyomwita mama mzazi, na mama akaitika kama vile amelizoea jina hilo maisha yake yote. Halafu nikaanza kuhesabu. Paja la kuku lilikwenda kwake. Yai la asubuhi, ambalo nilikuwa nikila mimi kwa sababu nilizaliwa na uzito mdogo, likawa mayai mawili na yote yakawa yake, kwa kuwa "mwenzio anakimbia". Godoro lake lilitandikwa sebuleni pale nilipokuwa nikifanyia kazi za shule. Dula alimtania baba akisema, "Fundi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na baba akajibu, "Huyu si mgeni, huyu ni mtoto wa hapa." Alisema hivyo huku akicheka, mimi nikiwa pale pale kwenye kigoda. Nilivuta uzi kwa nguvu hadi kitambaa kikachanika, na kwa mara ya kwanza baba akaniambia nikacheze nje.

Kwenye mechi ya pili Sambu alifunga magoli mawili, na benchi likawa na amani kwa siku nne nzima, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kwenye mechi ya tatu alikanyagwa. Alimaliza dakika zote akiwa wima, akapunga mkono kwa mashabiki, akatembea hadi nyumbani. Alipofika ndani akakaa sakafuni na kuuma kola ya jezi yake. Goti la kushoto lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa.

Tangu siku hiyo, saa nane mchana, benchi likiwa tupu na watu wako kwenye shughuli zao, baba alivuta pazia la mlango wa duka. Alimkalisha Sambu kwenye kiti chake, akauweka mguu wake juu ya kigoda changu, akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Baada ya hapo alimwambia akanyage pedeli. Cherehani ilizunguka bila uzi, kwaka, kwaka, kwaka, na Sambu akawa anafumba macho. Leo naelewa. Baba hakuwa na hela za hospitali kubwa na alijua mguu unahitaji kukunjwa na kukunjuliwa taratibu, kwa hiyo alitumia kifaa alichokuwa nacho. Lakini nilichokiona mimi nikichungulia kando ya pazia ni kwamba mtu mwingine ameketi kwenye kiti cha baba, miguu yake imefika, na anafundishwa kushona.

Baba aliniona. Alitoka, akachuchumaa mbele yangu, mikono yake inanuka chumvi. "Mama," aliniambia, hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, "hili la goti ni la nyumbani. Benchi wakijua, mwenyekiti atamwacha kesho. Lakini ni goti la wiki tatu tu hili, likipoa atawashangaza. La nyumbani libaki nyumbani. Tumeelewana?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimemwitikia baba mambo mengi kwa kichwa mwezi ule.

Shule zilipofungwa mama akasema nitakwenda Machame kwa bibi, likizo yote. Tulizoea kwenda wote watatu wakati wa Krismasi tu. Sikuwahi kupelekwa peke yangu. Nikauliza kwa nini, mama akasema, "Nyumba imejaa, mwanangu, na bibi yako anakutamani." Nyumba imejaa. Kwenye benchi nilikuwa nimewahi kusikia kwamba mchezaji mmoja anapelekwa timu ya Sekei kwa mkopo, na nilimuuliza Dula mkopo maana yake nini. Alisema, "Mkopo ni kuachwa kwa adabu."

Hata hivyo nilikuwa bado na matumaini. Nilikuwa nikijiambia kwamba baba hawezi. Halafu siku moja kabla ya safari, mchana, nilipita nyuma ya pazia kuchukua kirungu changu nilichokuwa nimekisahau. Baba alikuwa peke yake, amekaa karibu na dirisha. Mapajani mwake palikuwa na sweta langu la shule. Kwenye kifua cha sweta lile alikuwa amelishona jina langu, Ndeshi, kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake, siku nilipoanza darasa la kwanza. Alikuwa na wembe. Alikuwa amefika kwenye herufi ya tatu.

Sikulia. Nilirudi nyuma polepole, nikaenda kukaa chooni, nikakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Kitu nilichokisikia kilikuwa kikubwa kuliko mwili wangu. Sikumchukia baba hata kidogo. Chuki yote ilimwendea Sambu, na miguu yake myembamba, na yeyo yake, na lile goti lililokuwa likikandwa kwa mikono ambayo ilikuwa yangu.

Asubuhi yake mama alinituma chapati. Benchi lilikuwa limehamia kwa Mama Ritha kwa sababu ya jua, wanabishana kama Sambu aanzishwe dhidi ya Sekei au aingizwe kipindi cha pili. Nikasalimia, "Shikamooni." Wakaitikia bila kunitazama.

"Aanze," Dula alikuwa akisema. "Siku hizi hafanyi mazoezi na wenzake kwa sababu fundi anamtunza. Mali inatunzwa."

"Sambu hawezi kucheza," nikasema. "Goti lake limevimba. Baba anamkanda kwa maji ya chumvi kila siku nyuma ya pazia. Akikanyaga cherehani analia."

Nilisema yote kwa sauti ya darasani, mikono nyuma. Nakumbuka mafuta yalivyokuwa yakilia kwenye kikaango. Mwalimu Pallangyo alikunja gazeti lake, akaniuliza, "Una uhakika, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Dula alikaa chini. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na sikujua kama anamsema baba au ananisema mimi. Mama Ritha ndiye aliyenitazama kwa muda mrefu. Alifunga chapati kwenye gazeti, akanikabidhi, akasema, "Nenda nyumbani, mtoto. Nenda moja kwa moja."

Nilitembea nikiwa mwepesi. Huo ndio ukweli. Nilikula chapati moja njiani na ilikuwa tamu.

Siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, mjomba alinichukua kwenda Machame.

Kwa bibi nilihesabu wiki. Nilikata majani ya ng'ombe, nikachota maji, nikasubiri kuitwa. Siku ya mwisho ya likizo baba alikuja mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, na mfuko wa karatasi mkononi. Alikuwa amekonda. Alinipa mfuko. Ndani kulikuwa na sweta jipya la shule, kubwa kuliko lile la kwanza, na kifuani jina langu kwa uzi mwekundu, herufi zote sita, zimenyooka kuliko zamani.

"Lile limekuwa dogo, nimempa binti wa shangazi yako," alisema. "Nilifumua jina, asije akaitwa Ndeshi na wewe ukaitwa nani?"

Nilivaa sweta lile pale pale, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Mikono ya sweta ilikuwa mirefu, viganja vyangu havikutokeza. Nikauliza, "Na Sambu?"

Baba alikuwa akitazama migomba ya bibi. "Ameachwa," akasema. "Amerudi kwao."

Hakuniuliza lolote. Hakuniuliza siku ile wala baadaye. Nikaamua kwamba hajui, na nikaamua hivyo kwa haraka, kabla hajageuka kunitazama.

Baada ya hapo nilipata kila nilichokitaka. Kigoda kilirudi kwangu. Yai lilirudi kwangu. Baba alitolewa kwenye kamati kwa kosa la kuficha mchezaji mgonjwa, straika wa mwenyekiti akaja, na namba zikawa zinashonwa na fundi mwingine wa Sekei, ambaye hakujua mwiko wowote. Benchi lilikuwa likikaa nusu. Baba aligongelea kipande cha ubao juu ya pedeli ili miguu yangu ifike, akanifundisha kushona. Alikuwa mwalimu mpole. Lakini mara nyingine nikiwa nakanyaga, cherehani inakwenda kwaka, kwaka, niliona kwamba macho yake hayako kwenye miguu yangu. Yalikuwa kwenye miguu mingine. Nikawa na wivu na mtu ambaye hayupo, na huo ni mbaya zaidi, kwa sababu aliyeondoka huwezi kumwondoa tena.

Mchana huu Sambu alipofika dukani alibisha hodi kwenye fremu ya mlango, ingawa mlango ulikuwa wazi. Ana mvi. Anatembea huku mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Tukapeana mikono, taratibu kama zamani, akanipa pole, nikapokea. Aliniambia ana ng'ombe wachache na shamba la maharage, na kwamba jioni anawafundisha mpira watoto wa shule ya kule.

"Uliendelea kucheza?" nilimuuliza, nikijua.

"Hapana. Nilirudi nyumbani na hasira, nikacheza na goti lile lile kuwaonyesha. Likaisha kabisa." Alikaa kwenye benchi la zamani ambalo nilikuwa nimeliingiza ndani. "Ndeshi, nataka nikwambie kitu kabla hujakisikia kwa watu. Mimi nilimchukia mzee. Muda mrefu. Ndiyo maana sikuwahi kuja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniacha. Siku ile kamati ilipokata jina langu, nilimuuliza hapa, amekaa pale anafumua saba yangu. Nikasema, mzee, mambo ya goti tulijua mimi na wewe na yeyo na mtoto. Nani amesema? Akanijibu bila kuinua kichwa. Akasema, ni mimi niliyewaambia. Goti lako halifai, nimeona nisidanganye timu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilimsamehe nilipopata watoto. Lakini nilishindwa kuelewa. Mikono iliyokuwa inanikanda kila mchana, ndiyo hiyo hiyo iliyonitoa?"

Nilikuwa nimesimama na kopo mkononi. Nikawaona wote kwa pamoja: Mwalimu na gazeti lake, Dula aliyekaa chini, Mama Ritha akifunga chapati. Watu wale walikuwa hawawezi kutunza siri ya kikosi kwa saa moja. Mwenyekiti akinong'ona jina chumbani, lilikuwa sokoni kabla hajavaa viatu. Na bado hili walilifunga midomoni mwao wote, miaka yote, wakaitikia shikamoo zangu kila siku. Baba lazima alikwenda benchi moja kwa moja akawaomba. Kisha akaja hapa, akakaa, akampoteza yule kijana kwa mdomo wake mwenyewe, ili mimi nisipotee.

Miaka yote nilitaka kujua kati yetu wawili baba angemwacha nani. Alikwisha kujibu, na jibu alilimeza.

Ningeweza kunyamaza. Wivu ulinishauri hivyo, ulinishauri vizuri kabisa: hiki ndicho kitu cha mwisho baba alichokupa, na hakuna mwingine anayekijua. Ukimwambia huyu, utamrudishia baba.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilikwenda kwa Mama Ritha nikawaambia wote. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka uondoke. Baba alinibebea."

Alinitazama. Nilikuwa tayari kutukanwa na nadhani nilitaka nitukanwe. Sambu hakunitukana. Nilimpa ile karatasi ya chini ya kopo, akaitoa saba yake, akaitandaza juu ya goti lake bovu, akailainisha kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo hakuniacha," akasema.

"Hakukuacha. Aliitunza peke yake, chini kabisa."

Ndipo alipoanza kulia, mtu mzima yule, wazi, bila kuficha uso, akasema "papa", yaani baba kwa kilugha chake, mara mbili. Mimi nimekuwa na wiki tatu za kumlilia baba. Yeye alikuwa anaanza, na alikuwa anamlilia baba mzima, asiye na doa, aliyempata dakika hiyo hiyo. Nilimwonea wivu. Sitasema uongo.

Alipotulia aliniuliza, "Mbona umeniambia? Ungenyamaza nisingejua."

"Mara ile nilisema ili uondoke," nilimjibu.

Nikateremsha mabunda yaliyokuwa juu ya kigoda changu, nikakisogeza mbele yake, akauweka mguu wake juu.